Maumivu ya Tumbo la Chini Yasiyokoma: Tutafuteje Chanzo Chake?



Mwezi huu tutazungumza juu ya maumivu ambayo watu wengi huyabeba kwa miaka mingi wakiwa kimya, hasa akina mama. Ni maumivu ya tumbo la chini, yaani sehemu iliyo chini ya kitovu mpaka kwenye kinena. Tuanze na mfano. Mama tutakayemweleza hana jina kwa sababu si mtu mmoja. Tumemtunga kutokana na mambo yanayowapata wengi. Huenda ukamwona jirani yako ndani yake, au ukajiona wewe mwenyewe.

Mama huyu ana umri wa miaka 31. Alizaliwa na kukulia katika kijiji cha wakulima wa mpunga huko Kanda ya Ziwa, akaolewa kijiji cha jirani. Alizaa mtoto mmoja, kisha hakushika mimba tena. Kwa miaka 6 tumbo la chini limekuwa likimuuma. Siku nyingine linauma kwa mbali, siku nyingine kiasi cha kumfanya aweke jembe chini na kujikunja chini ya mti. Wakati mwingine huona damu kidogo baada ya tendo la ndoa.

Mama mkwe alimwambia ni chango, akamletea mizizi ya kuchemsha. Haikusaidia. Katika duka la dawa aliambiwa ni U.T.I., akauziwa vidonge vya siku 5. Alipata nafuu kwa wiki moja, maumivu yakarudi, akanunua tena. Mwisho akapewa dawa za magonjwa ya zinaa na kuambiwa amlete mume wake naye atibiwe. Hapo ndipo matata yalipoingia nyumbani. Mume alijua kwamba yeye hakutoka nje ya ndoa, basi akaona aliyetoka ni mkewe. Mke naye alijua kwamba hakutoka, akaona aliyetoka ni mumewe. Wakaacha kusemezana. Chakula kikawa kinatengwa mezani bila neno.

Je, kati yao nani alikuwa mkosaji? Tutalijibu swali hili baadaye. Kwanza tujifunze jinsi chanzo cha maumivu kinavyotafutwa.

Chango si jina la ugonjwa mmoja

Katika sehemu nyingi za nchi yetu mwanamke akiumwa tumbo la chini husemwa ana chango. Mwanaume akiumwa pale pale husemwa ana ngiri. Maneno haya ni ya wazee wetu na yanatusaidia kueleza tunapoumwa. Lakini hayatuambii ni kitu gani kinachouma. Ni sawa na kusema "nyumba inavuja". Kweli inavuja, ila bado hujajua kama ni bati limetoboka, misumari imelegea, au ukuta umepasuka. Fundi hawezi kuziba asipojua panapovuja.

Ndani ya tumbo la chini vimo viungo vingi vilivyobanana mahali padogo. Kuna kibofu cha mkojo na mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Kuna sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na kwa upande wa kulia kidole tumbo. Kwa mwanamke kuna kizazi, mirija ya uzazi na mifuko ya mayai. Kwa mwanaume kuna tezi dume. Kuna pia misuli, mishipa ya fahamu na mifupa ya nyonga. Kimojawapo kikiumwa, mgonjwa huonyesha mahali pale pale. Ndiyo sababu mtu hawezi kujua chanzo kwa kushika tumbo tu, wala muuza duka hawezi kukijua kwa kukusikiliza dakika mbili akiwa nyuma ya meza.

Maumivu yasiyongoja

Kabla ya kuzungumzia maumivu ya muda mrefu, ni lazima tutaje yale ambayo hayangoji hata kesho. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja ukiona mojawapo ya mambo haya:

1. Mwanamke aliyekosa siku zake, au anayeweza kuwa mjamzito, akipata maumivu makali, pengine upande mmoja, pamoja na kutokwa damu, kizunguzungu, kuzimia au maumivu ya bega. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka. Damu inamwagika tumboni na haionekani. Mama huyu anaweza kufa siku hiyo hiyo.

2. Maumivu yaliyoanza karibu na kitovu kisha yakahamia chini upande wa kulia, pamoja na homa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Huenda ni kidole tumbo.

3. Tumbo limekuwa gumu au limevimba, mgonjwa anatapika, hapati choo wala kutoa upepo.

4. Mvulana au kijana anayeumwa ghafla tumbo la chini pamoja na korodani. Korodani inaweza kujinyonga, na isiposhughulikiwa ndani ya masaa 6 hivi yaweza kupotea. Vijana huona haya na kusema "tumbo" tu. Mzazi, uliza.

5. Uvimbe wa henia kwenye kinena uliozoea kurudi ndani, sasa haurudi na unauma.

6. Kushindwa kabisa kukojoa.

7. Homa kali na uchafu wenye harufu mbaya ukeni, hasa baada ya kujifungua au mimba kuharibika.

Mgonjwa wa namna hii asipewe dawa ya kuharisha, wala asifanyiwe enema nyumbani. Asicheleweshwe kwa dawa za kuchemsha.

Eleza vizuri, nusu ya kazi imekwisha

Maumivu yakiendelea au kurudirudi kwa miezi 6 au zaidi, huitwa maumivu sugu. Hapa kinachotakiwa ni uvumilivu na kumbukumbu nzuri. Vyombo vya hospitali ni vizuri, lakini maneno ya mgonjwa ndiyo yanayomwonyesha daktari achunguze wapi. Kabla ya kwenda, jiulize mambo haya:

Yanauma wapi hasa: katikati, kulia, kushoto, au yanazunguka mpaka mgongoni? Yalianza lini, na kabla yake kulitokea nini: kujifungua, mimba kuharibika, upasuaji? Yanakuja na kuondoka, au yapo siku zote? Yanafuatana na siku za mwezi? Yanazidi wakati wa kukojoa, wa kwenda choo kikubwa, au wa tendo la ndoa? Mkojo una damu? Choo kina damu au makamasi, au kimebadilika kuwa kigumu au chepesi? Umepungua uzito? Una homa za jioni? Umetumia dawa gani mpaka sasa? Na swali linalosahauliwa sana: ulikulia wapi, na ulitumia maji gani?

Chukua daftari la shule au kalenda ya ukutani. Kila siku unayoumwa weka alama, andika yalivyokuwa na ulichokuwa unafanya. Wale wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi wanayo chati tayari. Waongeze tu alama ya maumivu. Baada ya miezi 2 au 3 daftari hilo litasema mengi. Tunza pia vyeti na majibu yote ya vipimo vya zamani katika mfuko mmoja, ili usilipie kipimo kile kile mara mbili.

Magonjwa ya kufikiriwa

Kwa wanawake na wanaume. Maambukizi ya njia ya mkojo huleta mkojo wa mara kwa mara unaochoma. Lakini si kila tumbo la chini ni U.T.I. Kumeza antibaiotiki bila kipimo hakutibu chanzo kingine chochote, na kunazoesha vijidudu ili siku ukizihitaji kweli zisikusaidie. Kuna pia mawe katika njia ya mkojo, kichocho, amiba, kufunga choo kwa muda mrefu, na utumbo unaosumbuka bila kidonda, ambao huuma na kutulia mtu akishapata choo. Kifua kikuu nacho, licha ya jina lake, huweza kuingia tumboni kikaleta homa za jioni, kukonda na tumbo kujaa maji. Damu katika choo, kukonda bila sababu, na choo kilichobadilika kwa mtu mzima vichunguzwe mapema, maana huenda ni saratani ya utumbo mpana.

Kwa wanawake. Maambukizi ya kizazi na mirija mara nyingi huanzia kwenye kisonono au klamidia. Yasipotibiwa yote, huacha makovu yanayouma na kuziba mirija. Mume na mke watibiwe pamoja, na dozi imalizwe. Uvimbe wa kizazi unaoitwa fibroidi waweza kuleta uzito tumboni na hedhi nyingi. Mifuko ya mayai yaweza kupata uvimbe wa maji. Saratani ya shingo ya kizazi huanza kimya, kisha huleta damu baada ya tendo la ndoa, au damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi. Damu ya namna hiyo isipuuzwe hata mara moja.

Kuna pia endometriosisi. Hapa tishu zinazofanana na utando wa ndani ya kizazi huota nje ya kizazi, juu ya mifuko ya mayai, utumbo au kibofu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Dalili yake kubwa ni maumivu ya hedhi yanayomlaza msichana kitandani, akakosa shule kila mwezi. Huyu huambiwa, "Vumilia, ukizaa yataisha." Akina mama, tusiwaambie binti zetu hivyo. Hedhi inayomzuia mtu kusimama si ya kawaida.

Kwa wanaume. Tezi dume iliyovimba huleta mkojo dhaifu na kuamka usiku mara nyingi. Henia huonekana kama uvimbe kwenye kinena mtu akikohoa au akibeba mzigo, na tiba yake ni upasuaji.

Kila kipimo kina macho yake

Watu wengi hufika hospitali wakisema, "Daktari, nataka ultrasaundi." Ni kipimo kizuri kisichoumiza. Huonyesha mimba, fibroidi, uvimbe wa mifuko ya mayai, kibofu, figo na baadhi ya mawe. Lakini hakioni kila kitu. Makovu, endometriosisi ndogondogo, na maambukizi mengi ya shingo ya kizazi hayaonekani. Kwa hiyo ukiambiwa ultrasaundi haina tatizo, maana yake ni kwamba kipimo hicho hakikuona tatizo. Haina maana kwamba wewe huumwi.

Kipimo cha mkojo huonyesha maambukizi, damu, na mimba. Mayai ya kichocho hutafutwa kwa hadubini, na mkojo mzuri kwa kazi hiyo ni ule wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana wakati huo ndipo mayai hutoka kwa wingi. Choo hupimwa minyoo, amiba na damu isiyoonekana kwa macho. Kipimo cha damu huonyesha upungufu wa damu na maambukizi, na ni vizuri kupima pia virusi vya UKIMWI.

Kisha kuna uchunguzi wa ndani, ambao akina mama wengi wanaukwepa kwa haya. Mhudumu hutumia kifaa maalum kuangalia shingo ya kizazi, na huweza kuipaka siki nyepesi ili kuona dalili za mwanzo za saratani. Huchukua dakika chache. Una haki ya kuomba mwanamke mwingine awepo chumbani, na una haki ya kuelezwa kila hatua. Haya ya dakika 5 ni afadhali kuliko mateso ya miaka 5.

Katika hospitali kubwa upo uchunguzi wa laparoskopia, ambapo daktari huingiza mrija mwembamba wenye kamera kupitia tundu dogo tumboni, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Hauhitajiki kwa kila mtu.

Maswali ya Sista

Turudi kwa yule mama. Siku moja, baada ya kushauriwa na shemeji yake, alifika hospitali akiwa na mfuko wa vyeti. Alipokelewa na Sista muuguzi, mtu mzima aliyezoea kuuliza.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mama. Pole na safari. Niambie, ulipokuwa mtoto mlichota maji wapi?"

Mama alishangaa. Kwa miaka 6 hakuna aliyemwuliza habari za maji. "Lamboni, Sista. Tulioga huko huko, tukafua huko huko. Na hata sasa tunapandikiza mpunga kwenye majaruba, maji yanafika magotini."

"Na mkojo wa damu, uliwahi kuuona utotoni?"

Mama akacheka kidogo. "Sista, kwetu watoto wengi walikojoa damu. Hakuna aliyeshangaa."

Mkojo wake ulipimwa saa 6 mchana. Hayakuonekana mayai. Wengine wangeishia hapo. Lakini mayai ya kichocho yanaweza kuwa yamekwama kwenye nyama za kizazi bila kuonekana katika mkojo. Daktari alifanya uchunguzi wa ndani, akaona kwenye shingo ya kizazi madoa ya manjano kama chembe za mchanga, na mishipa midogo inayovuja damu kwa urahisi. Ilikuwa kichocho cha via vya uzazi.

Kichocho cha namna hii huletwa na minyoo inayokaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu. Mgonjwa akikojoa majini mayai huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, hukua, hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Minyoo huweza kuishi mwilini miaka mingi. Mayai yake yakikwama kwenye shingo ya kizazi, ukeni au kwenye mirija, huleta vidonda, maumivu, kutokwa damu na hata utasa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba wanawake na wasichana milioni 56 katika Afrika kusini mwa Sahara wanao ugonjwa huu. Wengi wao wametibiwa kama wagonjwa wa zinaa.

Siku iliyofuata mume aliitwa. Daktari aliwakalisha wote wawili, akasema wazi, "Baba, ugonjwa huu hauambukizwi kwa tendo la ndoa. Mkeo aliupata kwa kukanyaga maji, pengine akiwa bado mtoto. Hakukukosea, nawe hukumkosea." Mume alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama naye anaweza kupimwa. Mkojo wake ulikutwa na mayai.

Wote wawili walipewa prazikwanteli, dawa inayotolewa kwa kufuata uzito wa mtu na kumezwa baada ya kula. Mtoto wao naye alipimwa. Mama alirudi baada ya miezi kadhaa. Maumivu yalikuwa yamepungua sana, na damu imekoma. Lakini tusiseme uongo: dawa huua minyoo, haiondoi makovu yote yaliyokwisha kuwapo. Mimba ya pili haijapatikana bado, na daktari anaendelea kuwachunguza. Ila nyumbani wanasemezana.

Basi jibu la swali letu ni hili: hakuna aliyekuwa mkosaji. Miaka 6 ilipotea na ndoa ikakaribia kuvunjika kwa sababu kila mtu alitoa jibu kabla ya kuuliza.

Na kama chanzo hakikupatikana?

Hutokea. Vipimo vyote vinakuwa vizuri na mgonjwa bado anaumwa. Huyu asiambiwe anajifanya. Misuli ya nyonga inaweza kukaza, mishipa ya fahamu inaweza kuendelea kupeleka habari ya maumivu hata kidonda kikiwa kimepona, na huzuni au ukatili nyumbani huzidisha maumivu ya kweli ya mwili. Yapo ya kumsaidia: dawa za kutuliza kwa mpangilio wa daktari, kitambaa cha maji ya moto, mazoezi, chakula chenye mboga na matunda, na mtu wa kumsikiliza. Arudi kuonwa baada ya muda, maana chanzo kilichojificha leo chaweza kuonekana kesho.

Mambo ya kukumbuka

1. Chango na ngiri ni majina ya mahali panapouma. Tafuta chanzo.

2. Usinunue antibaiotiki kwa kubahatisha. Kama dozi moja haikusaidia, usirudie ile ile. Rudi upimwe.

3. Andika siku za maumivu, na utunze vyeti vyako.

4. Damu baada ya tendo la ndoa, damu kwenye mkojo au choo, na kukonda bila sababu vinahitaji uchunguzi sasa.

5. Ukikulia au ukifanya kazi penye malambo, mito na majaruba, mweleze daktari hata asipokuuliza. Usikojoe majini. Maji ya kuoga yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku 2 hayana tena vijidudu vya kichocho. Ya kunywa yachemshwe.

6. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapelekwe kupata chanjo ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ilianza kutolewa nchi nzima ya Tanzania mwaka 2018.

7. Waume, wasindikizeni wake zenu hospitali. Mkisikia wote wawili maneno ya daktari, hakutakuwa na nafasi ya kushukiana.